Inuka, Ule: Namna ya Kupata Nguvu Mpya kwa Imani Wakati Umechoka

Uchovu wa shambani, au wa basi la usiku, huisha mtu akilala. Ninaoukusudia katika mwongozo huu ni ule ambao mtu hulala nao na kuamka nao: uchovu wa anayemuuguza mzazi huu mwaka wa tatu, wa mwalimu ambaye mshahara wake hukata roho tarehe 12, wa mzee wa kanisa ambaye kila msiba wa mtaa huanzia kwenye simu yake. Mtu wa namna hii akithubutu kusema kwamba amechoka, mara nyingi hupewa jibu lilelile: ongeza maombi, funga siku tatu, usikose mkesha wa Ijumaa. Mfungo naufahamu na ninaupenda, lakini kwa aliyefikia hali hiyo naona dawa imetolewa kichwa chini miguu juu. Imani hurudisha nguvu kwa utaratibu wake, na katika utaratibu huo mfungo hauji mwanzo.

Utaratibu wenyewe umeandikwa wazi katika kitabu cha kwanza cha Wafalme, sura ya 19. Usome kwanza sura hiyo polepole, kama mtu asiyejua mwisho wake. Nabii Eliya ametoka kuwashinda manabii wa mungu Baali juu ya mlima Karmeli, na sasa malkia Yezebeli ameapa kumwua. Anakimbia kutoka Yezreeli, kaskazini, hadi Beer-sheba iliyo kusini mwa Yuda, anamwacha mtumishi wake hapo, kisha anaingia jangwani peke yake mwendo wa siku moja. Anaketi chini ya mti wa mretemu na kumwomba Mungu afe, kwa maneno machache yasiyo na pambo: yatosha.

Mungu halitekelezi ombi lile, wala hamkemei Eliya kwa kuliomba. Eliya analala. Malaika anamgusa na kumwambia, "Inuka, ule". Kichwani pake pana mkate uliookwa juu ya makaa na gudulia la maji. Anakula, anakunywa, analala tena. Malaika anarudi na kumwamsha mara ya pili, na sasa anamweleza sababu, kwamba mwendo ulio mbele yake ni mkubwa kuliko uwezo wake. Hapo ndipo nabii anapotembea siku 40, mchana na usiku, mpaka Horebu, mlima wa Mungu, na ni huko Horebu anakoulizwa anafanya nini mahali pale. Hesabu mwenyewe: usingizi mara mbili, chakula mara mbili, kuguswa mara mbili, na mahubiri hakuna hata moja. Swali la rohoni lilisubiri karibu wiki sita.

Mwili utangulie

Mimi nilijifunza hili kwa kuanguka. Mama yangu alipopata kiharusi na kupooza upande wa kulia, nilihamia chumbani kwake, nikawa natandika mkeka chini, ubavuni mwa kitanda. Saa nane usiku niliamka kumgeuza ili asipate vidonda vya mgongoni. Saa kumi na moja alfajiri nilikoroga uji na kuujaza kwenye chupa ya chai. Saa kumi na mbili na nusu nilikuwa kituoni nikigombania daladala ya kwenda kazini. Juu ya hayo yote niliweka nadhiri ya kufunga kila Jumatano na kila Ijumaa, nikiamini kwamba nikijibana zaidi Mungu atanitazama. Wiki ya tatu nilianguka kanisani katikati ya wimbo. Waliokuwa mbele walianza kuomba kwa sauti, wakidhani ni jambo la rohoni, lakini mama mmoja mtu mzima aliyekuwa nyuma yangu aliniketisha, akanishika kiganja, akaniuliza, "Mwanangu, jana ulikula nini?" Nilijaribu kukumbuka nikashindwa.

Kwa hiyo, hatua ya kwanza si ya madhabahuni. Kwa wiki mbili za mwanzo usijiwekee mfungo wowote wa chakula. Kama kanisa lako limo katika mfungo wa pamoja, zungumza na mchungaji au padri wako, umwambie hali yako ilivyo, kisha ufunge kitu kingine, kwa mfano simu baada ya saa tatu usiku. Weka saa ya kulala na uiheshimu kama unavyoiheshimu saa ya ibada. Kama mgonjwa wako hakuruhusu kulala usiku kwa mfululizo, tafuta kipande cha pili cha usingizi mchana, hata cha saa moja, na usijione mvivu: Zaburi ya 127 inasema kwamba kuamka mapema na kukawia kulala kwa ajili ya chakula cha taabu ni kazi bure, na kwamba Mungu humpa mpenzi wake usingizi. Kula kabla ya sala ya asubuhi ikiwa sala hiyo unaimaliza mikono ikitetemeka.

Katika wiki hizo hizo mbili nenda ukapimwe. Upungufu wa damu, kisukari, matatizo ya tezi la shingo na malaria ambayo haikutibiwa mpaka ikaisha, vyote humchosha mtu kwa namna ambayo yeye mwenyewe huweza kuiita ukavu wa kiroho. Ipo pia sonona, ambayo ni ugonjwa na si dhambi. Ukiona majuma mawili yamepita na hakuna kinachokufurahisha, usingizi umekimbia au umezidi, chakula hakina ladha na unajiona huna thamani, mweleze daktari hivyohivyo, bila kupunguza. Na ikiwa ombi la Eliya limekuwa ombi lako, yaani umeanza kutamani kufa au kufikiria namna ya kujiua, mwambie mtu leo, usilale peke yako usiku huu, na uende hospitali ukisindikizwa. Anayekuambia kwamba kwenda hospitali ni kukosa imani mkumbushe kuwa Luka alikuwa tabibu, na kwamba Paulo hakumwagiza Timotheo alikemee tumbo lake, bali alimshauri atumie mvinyo kidogo. (Walevi wa mtaani kwetu aya hiyo wanaijua kuliko sisi tunaokwenda kanisani.)

Sema ukweli mbele za Mungu

Mwili ukishapata ahueni kidogo, ulimi hufunguka, na hapa ndipo wengi wetu tunapokwama. Tumezoeshwa kuanza kila ombi kwa shukrani, na aliyechoka hujikuta akimshukuru Mungu kwa maneno ambayo moyo wake haupo. Zaburi hazina adabu ya namna hiyo. Sehemu kubwa ya zaburi zote 150 ni maombolezo, na ya 13 ndiyo ninayoipendekeza kwa anayeanza, kwa sababu ina aya sita tu na umbo lake ni rahisi kuliiga. Inaanza kwa kumwuliza Mungu "hata lini" mara nne mfululizo. Kisha inaomba jambo moja, kwamba Mungu aangalie na kujibu. Mwisho inakumbuka fadhili zake.

Chukua daftari uandike zaburi yako kwa umbo hilo. Andika "hata lini" zako nne kwa majina yake halisi. Usiandike "hata lini mateso haya", kwa maana hayo yanaweza kuwa ya mtu yeyote. Andika hata lini nitamgeuza mama saa nane usiku, hata lini ndugu zangu walioko mjini watatuma salamu bila nauli, hata lini nitadaiwa dukani. Kisha omba jambo moja tu. Aya ya kukumbuka fadhili iandike siku utakapokuwa nayo. Mimi niliiacha wazi siku 11. Kuiacha wazi si kufuru, kwa kuwa Zaburi ya 88 haina kabisa aya ya namna hiyo: neno lake la mwisho ni giza, na bado ilihifadhiwa na kuimbwa katika ibada ya Israeli. Paulo naye anawaandikia Wakorintho bila kuficha kwamba kule Asia alilemewa kupita nguvu zake, hata akakata tamaa ya kuishi.

Ukimaliza, isome kwa sauti. Nasisitiza sauti, hata kama ni ya kunong'ona bafuni, kwa sababu lalamiko linalobaki kichwani huzunguka palepale kama ng'ombe aliyefungwa kambani.

Nguvu hubadilishwa

Isaya 40:31 hunukuliwa sana kwa ajili ya tai, nami sitamgusa tai huyo, maana ameshahubiriwa vya kutosha. Neno linalonishughulisha ni lile ambalo Biblia yetu inalitaja kama kupata nguvu mpya. Katika Kiebrania kitenzi chake kina shina la kubadilisha, shina lilelile lililotumika katika Mwanzo 41:14, pale Yusufu anapotolewa gerezani, ananyoa, anabadili nguo zake na kuingia kwa Farao. Wamngojeao Bwana, basi, hubadilisha nguvu kama mtu anavyobadilisha vazi, na hakuna anayevaa shati jipya juu ya lile la gerezani akategemea kupendeza. Kuna kitu lazima kivuliwe.

Cha kuvua utakipata hivi. Andika kila jambo unalolibeba kwa wiki moja, kubwa na dogo, la nyumbani, la kazini na la kanisani, kisha kwa kila moja ujiulize: nikilazwa hospitali majuma mawili kuanzia kesho, hili litasimama? Utashangaa ni mangapi yataendelea bila wewe. Mimi nilikuwa katibu wa kwaya na mweka hazina wa kikoba, yaani kikundi cha kuweka na kukopeshana fedha. Ukatibu niliuacha kwa uchungu mwingi, nikiwa na hakika kwamba kwaya itavurugika. Wakampata mwingine siku ya nane, na daftari la mahudhurio akalitunza vizuri kuliko nilivyolitunza mimi. Iliniuma, na maumivu yale yalinionyesha kwamba sehemu ya mzigo nilikuwa naubeba kwa ajili ya jina langu. Nira ambayo Kristo anaisema katika Mathayo 11 ni laini, naye huwapa wenye kulemewa. Inakuwa vigumu kuivaa shingo ikiwa tayari ina nira nyingine tatu za kujichagulia.

Baada ya kuvua, ngoja. Kungoja maana yake ni kuketi mbele za Mungu bila kumpa orodha ya mahitaji. Chagua dakika kumi na mahali pamoja pasipobadilika, soma aya moja tu, na ukae nayo. Mahali pangu palikuwa jikoni, alfajiri, kwa kuwa uji hauruhusu mtu kuondoka: unakoroga polepole, unatazama povu likianza kupanda, unarudia aya ileile mpaka uji uive. Siku nyingi sikusikia chochote. Eliya pia alipitiwa na upepo, tetemeko na moto kabla ya sauti ndogo ya utulivu, na hatuambiwi kwamba alifanya lolote ili sauti ile ije.

Tafuta siku isiyo na kikao

Amri ya kupumzika inaelezwa katika Kutoka 23:12 kwa ajili ya ng'ombe na punda, mwana wa mjakazi na mgeni, yaani kwa ajili ya wale ambao hawawezi kujipangia mapumziko wenyewe. Wengi wetu tunaohudumu kanisani tumegeuka kuwa hao, na siku inayotuchosha kuliko zote ni Jumapili. Ibada ya kwanza, ibada ya pili, kisha mnada nje ya kanisa, ambapo mtu husimama juani akishindania mkungu wa ndizi na jogoo aliyefungwa miguu ili mfuko wa ujenzi upate chochote, kisha kikao cha kamati kinachoanza saa nane na kumalizika giza likiingia. Sisemi mambo hayo yafutwe. Nasema kwamba aliye nayo hana Sabato, na ni lazima aitafute kwingine, hata nusu siku ya Jumanne, aitangaze kwa watu wa nyumbani, na asipokee simu. Yesu mwenyewe, katika Marko 6:31, aliwaita wanafunzi wake faraghani wakapumzike kwa sababu watu walikuwa wakija na kwenda hata nafasi ya kula haikuwapo.

Omba msaada wenye saa na siku

Eliya alimwacha mtumishi wake Beer-sheba, na sisi tuliochoka hufanya vivyo hivyo: tunajitenga kwanza, kisha tunalalamika kwamba tumebaki peke yetu. Yethro, mkwewe Musa, alipomkuta Musa akiamua mashauri ya watu tangu asubuhi hata jioni, alimwambia wazi kwamba jambo hilo si jema na kwamba atadhoofika, akamwelekeza aweke wakuu wa maelfu, wa mamia, wa hamsini na wa makumi. Ushauri wa Yethro una faida kwa sababu una hesabu ndani yake. Ukienda kwenye jumuiya ukasema "mniombee", wataitikia kwa moyo wote na kurudi makwao. Ukisema, "Naomba mtu mmoja akae na mama Jumatano, kuanzia saa nane hadi saa kumi na moja, kazi ni kumpa maji na kumgeuza mara moja," mtu atajitokeza.

Kwangu alijitokeza yule mama wa kanisani. Alifika Jumatano ya kwanza na khanga yake na kikapu cha mboga za kuchambua.

"Shikamoo mama."

"Marahaba, mwanangu. Maji ya mgonjwa yako wapi?"

Nikaanza kumweleza ratiba ya dawa, nikamwonyesha taulo, nikamwomba radhi kwa hali ya chumba. Akaniacha nimalize, kisha akasema, "Nimesikia. Sasa nenda kalale." Sijawahi kusikia Neno la Mungu likisomwa kwa ufupi kama ule.

Mbali na msaada wa mikono, tafuta mtu mmoja wa kusoma na kuomba naye, asiye chini yako wala juu yako. Afrika Mashariki tunao mfano mkubwa wa jambo hili. Mwaka 1929 Joe Church, daktari Mwingereza aliyekuwa akihudumu Gahini, mashariki mwa Rwanda, alikwenda Kampala akiwa amechoka sana, baada ya njaa kali ambayo Wanyarwanda waliiita Rwakayihura. Kwenye kilima cha Namirembe alikutana na Simeoni Nsibambi, Mganda aliyekuwa na njaa ileile ya rohoni, na kwa siku mbili wakasoma Biblia na kuomba pamoja. Urafiki ule ulikuwa miongoni mwa vyanzo vya uamsho ulioenea Rwanda, Uganda, Burundi, Kenya na Tanganyika, na vikundi vya ndugu wa uamsho vikajulikana kwa desturi ya kutembea nuruni, yaani kuambiana ukweli wa maisha bila kuficha. Katika miaka ile ya ukoloni haikuwa kawaida daktari Mzungu kuketi na Mwafrika na kukiri mbele yake kwamba amekauka. Nakushauri uige uwazi huo, ila umchague mtu kwa makini, maana si kila anayesema "niambie, nitakuombea" anaweza kulihifadhi jambo hadi Jumapili inayofuata.

Kazi iwe ndogo

Huko Horebu Eliya anarudia lalamiko lake mara mbili, neno kwa neno, kwamba amebaki peke yake. Jibu analopewa ni kazi tatu na taarifa moja. Taarifa ni kwamba wapo 7,000 katika Israeli ambao hawakumpigia Baali magoti, na kazi ni kumtia mafuta Hazaeli awe mfalme wa Shamu, Yehu awe mfalme wa Israeli, na Elisha awe nabii baada yake. Ukiendelea kusoma hadi kitabu cha pili cha Wafalme, sura ya 8 na ya 9, utaona kwamba habari za Hazaeli na Yehu zilitimizwa kupitia Elisha, baada ya Eliya kuondoka. Katika kazi tatu, ile ambayo tunamwona akiitenda kwa mkono wake ni moja: alimkuta Elisha shambani akilima kwa jozi kumi na mbili za ng'ombe, akamtupia vazi lake.

Kwa hiyo nguvu zikianza kurudi, usizitumie kulipa madeni yote ya miezi uliyolala. Andika mambo matatu kila asubuhi na uchague moja. Siku ya kwanza niliyojaribu, niliandika kufua mashuka ya mama, kumpigia kaka yangu kuhusu nauli, na kurudi kwenye mazoezi ya kwaya. Nilifua mashuka. Yalipokauka niliyakunja na kuyaweka juu ya mkeka wangu, ambao ulikuwa umekunjwa pembeni, kwa kuwa usiku ule zamu ya saa nane haikuwa yangu.